Sahihisho la Tangazo la Saa Saba

Kibao cha mlangoni kwake kilisema "Kaimu Mkuu wa Kituo", na kilikaa pale miaka saba. Herufi zilichakaa, neno "Kituo" likabaki nusu, lakini neno "Kaimu" lilikuwa zima kabisa, utadhani kuna mtu alikuwa analipitishia wino kila mwisho wa mwezi. Miaka saba, jamani! Mtu anazaa mtoto, anamnyonyesha, anampeleka shule, mtoto anajua kusoma hicho kibao mwenyewe, na huyu mama bado anakaimu tu.

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Nimejaribu kuandika nikiwa mtulivu mara mbili nikachana karatasi zote mbili. Anayetaka maneno ya upole atafute kwingine.

Nilikuwa msomaji wa Kiswahili katika redio ya umma, kituo cha Mbale, na mama huyo ndiye aliyekuwa bosi wangu. Mbele yake tulimwita Madamu. Mjini, na hata kwenye korido zetu, walimwita Mama Kaimu, wakidhani hasikii. Alikuwa anasikia. Kuna siku fundi mmoja wa rangi alikuja kuuliza ofisi ya Mama Kaimu ni ipi, akamuuliza yeye mwenyewe, naye akamwonyesha mlango bila kukunja uso. Mimi ningemrushia ndoo.

Mimi ni wa Jinja, nimezaliwa Walukuba, kwenye zile nyumba walizojengewa wafanyakazi wa viwanda. Kwetu ni Wanubi, uzao wa askari wa mkoloni, babu yangu aliletwa na bunduki begani, na Kiswahili kwetu ndicho cha kuombea chumvi na cha kugombania shuka. Kwa watu wa Mbale ni lugha ya askari. Ukimwambia muuza nyanya "nipunguzie kidogo, dada," anakuangalia kiunoni kwanza kama una bastola. Lakini ndiyo iliyonipa kazi, na Madamu, ambaye kwao ni Busiu na Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, ndiye aliyenifundisha kuisoma redioni bila haraka.

Zaidi ya yote alinifundisha dirisha.

Kituo chetu kilikuwa na dirisha dogo upande wa barabarani, lenye nondo na kibao cha mbao cha kuegemea. Hapo watu walileta matangazo ya vifo. Walikuja kutoka milimani na mabondeni, na karatasi iliyokunjwa mara nne, jina la marehemu, majina ya watoto, siku ya mazishi, njia ya kufika. Saa saba mchana fundi mitambo alipiga kipande kifupi cha zeze, kisha msomaji akasoma, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huku mashariki. Zeze likilia, mji ulitega sikio. Wanawake sokoni waliweka visu chini, waendesha bodaboda walizima pikipiki. Hata mlevi alinyamazishwa, akanyamaza.

Na dirisha lilikuwa na sheria zake, zote za Madamu. Kila karatasi lazima uipigie simu. Unampigia ndugu, kisha unampigia mwenyekiti wa kijiji, ndipo unasoma. Ukikosea hata jina la mtoto, kesho yake saa ileile, baada ya zeze lilelile, msomaji yuleyule anasahihisha kwa mdomo wake. Siyo mwenzake, yeye. Nilipoanza kazi aliniweka mbele ya lile dirisha akaniambia, "Kwenye habari utaletewa uongo na wakubwa, na utausoma, mshahara ni mshahara. Hapa hapana. Hapa mtu anatoka Bukedea na mkeka kichwani kwa sababu wewe umesema. Hapa uongo haupiti."

Basi, baada ya miaka saba wakatangaza ile nafasi. Mkuu wa Kituo, bila kaimu. Madamu alikuwa amebakiza miezi kumi na mmoja astaafu. Alinionyesha tangazo la kazi akicheka kama msichana. Nikamwambia, "Madamu, hii ni yako, nani mwingine?" Akasema, "Sitaki gari, mwanangu, na kiti hiki kinanitosha. Nataka wang'oe lile neno moja tu. Nataka nitoke kwenye mlango ambao ni wangu."

Hilo ndilo alilotaka. Kama kuna mtu anadhani alitaka makubwa, asome tena.

Usaili ulifanyika Jinja, kwenye hoteli upande wa Kimaka, kule ambako maofisa wa chuo cha jeshi hukimbia asubuhi na hata mwenye hoteli anamwita kila mteja afande. Walisema wamekwepa Mbale ili wasishinikizwe na mtu. Kuwakwepa watu, sawa. Simu je, wangeikwepaje? Jopo lilikuwa na watu watatu, na mimi nikapelekwa kuwa karani wao, kwa sababu napiga chapa upesi na kwa sababu ningelala kwa baba yangu Walukuba. Kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kompyuta, kujaza alama, kuchapa karatasi, kusaini chini kama karani.

Waombaji walikuwa wanne. Wawili walikuwa watu wazuri tu, wa kawaida, sina ugomvi nao. Wa tatu alikuwa Madamu. Wa nne alikuwa bwana mmoja wa miaka thelathini na kitu, naye pia kwao Busiu, mwenye suti iliyokuwa bado na alama za pasi ya dukani. Kazi aliyojulikana nayo ni kutembea nyuma ya mheshimiwa mmoja mkubwa wa huku kwetu wakati wa kampeni, akimshikia kipaza sauti. Ni kweli, hiyo ni kazi ya sauti. Siwezi kukataa.

Waliwauliza wote swali moja. Radi imepiga mnara, mtambo umezima, ni siku ya maporomoko mlimani na watu wanahitaji kusikia njia zipi zimefungwa. Utafanya nini? Madamu hakujibu kwa vitabu. Alieleza siku yenyewe, maana ilikuwepo, jinsi yeye na fundi walivyopanda na jenereta ndogo kwa mabega ya watu, jinsi alivyosoma matangazo akiwa amesimama kwenye maji. Mwenyekiti wa jopo aliweka kalamu chini akasikiliza. Bwana wa suti alipoulizwa hilohilo alifikiri, akajibu, "Nitampigia mheshimiwa."

Wallahi ndivyo alivyosema. Niliandika neno kwa neno kwa sababu nilikuwa karani.

Alama zilipojumlishwa Madamu alikuwa wa kwanza, na hakuna aliyemkaribia. Bwana wa suti alikuwa wa mwisho kati ya wanne. Nilichapa karatasi, wakaisaini wote watatu, nami nikasaini. Moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nimnunulie kitenge gani.

Ndipo simu ya mwenyekiti ikalia. Aliiangalia, akasimama wima palepale, akatoka nayo uani akiwa ameinamisha kichwa. Kupitia dirishani nilimwona anazunguka, "ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa," mtu mzima mwenye mvi, mwenye wajukuu. Aliporudi hakumtazama mtu. Akasema, "Kuna marekebisho madogo."

Madogo! Walimchukua wa mwisho wakamweka wa kwanza, wakamteremsha wa kwanza awe wa pili, wakanitajia alama moja baada ya nyingine, nami nikapiga chapa. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenitishia. Mwenyekiti alisema tu kwa sauti ya kichovu, "Binti, ile ya kwanza ichane, tuchapie hii." Nilifikiria mkataba wangu, uliokuwa unaisha mwezi uliofuata. Nilifikiria nitasema nini, nitamwambia nani. Nikafyata mkia. Nilichapa, wakasaini, nikasaini. Alinishukuru, akasema mimi ni mtu wa kuelewa, na neno hilo linanichoma mpaka leo nikilikumbuka.

Ile ya kwanza sikuichana. Niliikunja nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba wangu. Sitajisifu kwa hilo, maana hata sijui kwa nini nilifanya.

Baba yangu ni askari magereza mstaafu. Nilimkuta uani Walukuba anasafisha betri za redio yake kwa kitambaa, kama kila alasiri. Akaniuliza, "Habari ya usaili, mwanangu?"

"Nzuri, baba."

"Yule mama yenu ameshinda?"

Nilisema matokeo bado. Alinitazama kidogo. Ameishi na wafungwa miaka mingi, anajua mtu anavyosimama akiwa ameficha kitu. Akasema, "Haya, kula kwanza," na hakuuliza tena. Wali ule sikuumaliza.

Nikarudi Mbale. Madamu alikuwa mlangoni ananisubiri. "Niambie tu, sikuharibu?" Nikamwambia, "Ulifanya vizuri sana, Madamu." Lilikuwa jibu la kweli, na nilijificha ndani yake wiki tatu nzima. Nilimkwepa jikoni, nilimkwepa kwenye korido. Nilikasirikia jopo, nilimkasirikia mheshimiwa, nilikasirikia hata wenzangu kazini waliomwambia Madamu "Mungu yupo" kana kwamba Mungu ndiye aliyepiga simu Kimaka. Mtu pekee ambaye sikumpa haki yake ya kukasirikiwa ni mimi.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ilikuwa siku ya kazi ya kawaida, imebaki kidogo saa saba. Madamu alikuwa amepanda mlimani na mafundi kukagua mtambo. Mimi natoka dirishani kwenda studio na karatasi zangu tano za misiba, zote zimepigiwa simu. Dirishani akatokea dereva wa mheshimiwa, mtu mnene mwenye jasho, akapitisha bahasha kati ya nondo. "Hii barua ya mheshimiwa. Anasema munasoma sasa hivi. Hapana ngoja habari ya saa kumi. Watu wanaanza kuja saa tisa."

Kwa nini aliileta dirishani? Kwa sababu ndiko karatasi zote zinakopokelewa, na kwa sababu mtu wa mheshimiwa hapandi ngazi kutafuta chumba cha habari. Kwao redio ni shimo, unatumbukiza kitu kinasikika.

Niliingia studio nikaifungua. Umma unatangaziwa kwamba ndugu fulani, mzaliwa wa Busiu, mtoto wa marehemu fulani na mama fulani, ameteuliwa kuwa Mkuu wa Kituo baada ya kushinda usaili wa wazi uliofanyika Jinja. Ndugu, jamaa na marafiki popote walipo wanaombwa kukusanyika nyumbani kwa mama yake, Busiu, leo kuanzia saa tisa.

Damu ilinichemka. "Kushinda." "Usaili wa wazi." Na ilikuwa imeandikwa kwa mtindo uleule wa dirishani, maana hakuna mtu wa huku asiyejua mtindo huo. Mwandishi wa kampeni wa mheshimiwa labda hajawahi kuandika tangazo jingine maishani. Fundi wetu, mzee mwenye masikio makubwa ya kusikilizia, aliona karatasi imetoka dirishani, akaihesabu ya sita, akapiga zeze.

Ningeweza kuinua mkono. Nilikuwa na muda. Niliona kabisa kitakachotokea, nikasema moyoni, waacheni wamlilie. Nikasoma zile tano, nikasoma na ya sita, kwa sauti ileile, na neno lolote sikuliongeza.

Nani anasikiliza katikati ya tangazo la msiba? Watu husikia zeze, husikia jina, husikia "kukusanyika nyumbani kwa mama yake", wanasimama. Busiu kwenye stendi ya teksi mtu mmoja alishika kichwa. Wanawake waliokuwa wanapura mahindi wakatupa fimbo. Kufika saa nane unusu ua wa yule mama ulikuwa umejaa watu, kuni, turubai na masufuria, na vilio vinapokelewa kutoka barabarani hadi ndani. Saa tisa bwana wa suti akaingia na gari lenye maua, honi zinapigwa, madirisha wazi, anapunga mkono.

Watu walikimbia. Shangazi yake mmoja aliingia kwenye migomba na ikabidi akatafutwe. Kijiji kizima kilikuwa kinamlilia mtu ambaye alikuwa ameteremka garini anauliza soda ziko wapi.

Mbale yote ilicheka. Na mimi nilicheka, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Simu zilipigwa kituoni, watu wanauliza, "Marehemu wenu ameshaanza kazi?" Kwa mara ya kwanza tangu Jinja niliona nimepumua.

Madamu aliteremka kutoka mlimani na tope kwenye viatu. Nilidhani atanikumbatia. Alisimama studio, akaomba asikilizishwe rekodi, akaisikiliza mara mbili akiwa amefumba macho. Kisha akasema, "Chukua mkoba wako."

Tulikwenda Busiu kwa pikapu ya ofisi, ile yenye ngazi juu, yeye anaendesha. Tulimkuta mama wa yule bwana amekaa kwenye mkeka, kitambaa cha msiba bado kichwani, wanawake wawili wanampepea. Alikuwa amezimia aliposikia redio. Alikuwa ameamka, lakini mikono ilikuwa haijaacha kutetemeka. Mimi nilikuwa nimecheka, na hii ndiyo mikono niliyokuwa naicheka.

Madamu alipiga magoti, akaniashiria nami nipige. Akaomba radhi kwa Kilumasaba, lugha ya kwao, kwa niaba ya kituo, akanitafsiria kila kitu ili nisikose hata kimoja. Yule mama alimshika mkono akauweka kwenye paja lake. Akasema, "Wewe ndiye mwenye ile redio. Ulinisomea mume wangu. Ulinisomea binti yangu aliyefia uzazi. Kila mara mlinipigia simu kwanza. Leo nimesema, kama redio imesema, basi mwanangu amekufa." Kisha akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni na suti yake. "Wewe umepewa kiti. Ni kiti cha nani? Si cha huyu?"

Kila mtu alisikia. Yule bwana akasema, "Mama, mimi nilishinda. Ilikuwa usaili." Akaangaza macho, akaniona. "Huyu hapa alikuwa karani. Muulizeni."

Yule mama akanitazama. Ua mzima ukanitazama. Karatasi ilikuwa mkobani, na mkoba nimeubana kwapani. Nikasema, "Ndiyo, mama. Matokeo yalitoka hivyo."

Madamu aliwatafsiria sentensi hiyo kwa Kilumasaba. Aliitafsiri sawasawa, bila kupunguza.

Tulipokuwa tunarudi, tumepita mashamba ya mahindi, alisimamisha gari kando ya barabara akazima injini. "Nililetewa nakala ya alama wiki mbili zilizopita," akasema. "Chini kuna sahihi yako."

Nilianza kulia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Nikamwambia, "Madamu, walinilazimisha." Akanitazama. Nikasema, "Hawakunilazimisha. Waliniambia tu, nikafanya."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Akaweka mikono kwenye usukani. "Watu wanacheka kwamba redio imedanganya mtu amekufa. Nimesikiliza rekodi mara mbili. Hukusema amekufa, popote. Uongo uliosoma ni neno moja, kushinda. Miaka yote niliyokaa pale, dirisha lile halikupitisha uongo. Huu wa kwanza umeuandika wewe, ukausaini wewe, ukausoma wewe." Hakupandisha sauti. Nilitamani aipandishe. "Sheria unaijua. Kesho saa saba utasahihisha. Sikuambii useme nini. Kosa unalijua."

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni kwake na bisibisi, anakitoa kile kibao mwenyewe. Skrubu moja ilikuwa imeshika kutu ikamsumbua. Bwana mpya alikuwa kwenye korido anasubiri kuingia, na hakujitolea kumsaidia. Alikuwa ameniletea karatasi, imeandikwa tayari: ndugu fulani yu hai na buheri wa afya, tunaomba radhi kwa usumbufu. Akasema, "Soma hiyo tu, na baada ya hapo tutaongea mimi na wewe."

Saa saba ikafika. Nikaweka karatasi ya bwana mpya mezani, na chini yake nikaweka ile ya Jinja, ya kwanza, yenye sahihi zote nne, imechakaa kwenye mikunjo. Madamu alisimama upande wa pili wa kioo, kibao kwapani. Zeze likalia. Nikasoma kwamba ndugu fulani yu hai na buheri wa afya. Nikaomba radhi kwa usumbufu. Kisha nikaiondoa ile karatasi ya juu.

Fundi aliona bado nina nyingine. Aliacha kipaza sauti wazi, mkono juu ya kitufe, akanisubiri. Mzee yule hakuwa na haraka. Redioni hakukuwa na kitu, kulikuwa na pumzi yangu tu. Nilifungua mdomo. Nilimwona bwana mpya amesimama nyuma ya Madamu, amekunja mikono. Nikamtikisia fundi kichwa, kwamba sina zaidi. Akapiga zeze la kufungia.

Madamu alinitikisia kichwa naye, kama anavyomtikisia kila msomaji aliyemaliza kazi yake. Alitia kibao kwenye mfuko wa nailoni, akatoka kwa mlango wa mbele, akawaaga walinzi kwa majina. Hakurudi. Miezi iliyobaki aliichukua kama likizo, na anakaa Busiu na mahindi yake. Nilimwandikia nikamwomba ruhusa ya kumtaja jina mahali popote nitakapoeleza habari hii. Alinijibu kwa mstari mmoja kwamba jina lake niliache, nishughulike na langu.

Nami nilipewa barua ya onyo, kwa kutumia mlio wa misiba katika tangazo la serikali. Chini imesainiwa na Mkuu wa Kituo. Hakuna kaimu hapo, neno limeng'oka siku moja, bila bisibisi. Angalieni mambo haya! Siku niliyoandika uongo Kimaka nilishukuriwa. Siku niliyosoma karatasi yao wenyewe neno kwa neno, ndipo nikawa na kosa. Na sheria ya kupiga simu kabla ya kusoma imefutwa, eti inapoteza muda. Saa saba siku hizi mheshimiwa akiwa na mkutano unarushwa mkutano, na wafu wanasubiri. Watu wanaendelea kuja dirishani, wanaegemea kile kibao cha mbao na karatasi zao zilizokunjwa mara nne. Hao ndio wanaonikasirisha zaidi kuliko wote, kwa sababu bado wanaamini.

Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Niko Walukuba kwa baba. Siku ya kwanza niliporudi aliniletea kigoda, akazima redio yake, jambo ambalo halifanyi hata akisali.

"Ile siku ya sahihisho nilikusikia," akasema. "Ulimaliza kusoma, kisha ukanyamaza. Nikadhani betri. Nikaitikisa redio. Pale pa kunyamaza palikuwa na nini?"

Nimemkalisha na hilo swali mwaka mzima. Basi, baba, na kila aliyekuwa amezima pikipiki au kuweka kisu chini siku ile, pale pa kunyamaza palikuwa na hiki:

Tunasahihisha tangazo letu la jana saa saba. Ndugu yule hakushinda usaili wa Jinja. Alikuwa wa mwisho kati ya wanne. Aliyeshinda ni mama aliyekaimu kituo hiki miaka saba, na hakuna aliyemkaribia. Karatasi iliyosema vingine niliipiga chapa mimi, nikaisaini mimi, nikawasomea mimi.